Ukuta Usio na Jirani

Mimi sipendi kuhurumiwa. Nalisema mapema, maana nikianza habari ya feni hii kuna watu watanitazama kwa yale macho ya "pole, mzee", na macho hayo nimeyakinai tangu mke wangu Euphrasia alipofariki mwaka jana mwezi wa tano.

Naitwa Bujiku. Miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Kazi hiyo iliniachia masikio mazito kidogo, hasira za karibu, na kifua kisichotaka vumbi wala moshi. Nakaa kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka Kolandoto, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba la pamba, ndipo alipolala Euphrasia. Jiko liko uani peke yake, chumba kidogo cha matofali na bati. Mbele yake kuna ua wa minyaa, na ng'ambo ya ua ni kwa Scolastika, Mama Noela, mjane ambaye marehemu alikuwa akimwita dada.

Aliyenitia mbioni kutafuta feni ni mwanangu Charles, anayeendesha lori la mgodini huko Geita. Alipiga simu Jumatatu, na hata salamu haikukaa sawa.

"Baba, daktari alikwambia moshi basi. Mtungi wa gesi nilikuletea, umeufunika gunia. Sasa sikiliza. Jumamosi nakuja. Nikikuta jiko bado ni lile lile, unafunga mizigo tunakuja wote Geita, na nyumba tunaipangisha."

"Na mama yako nimwache na nani?"

"Baba, mama amekufa."

"Najua amekufa, nilikuwepo!" nikamwambia, nikakata simu.

Baada ya kukata nilikaa kwenye kigoda. Nilijua Charles hatanii. Kule Geita kuna wajukuu, nawapenda sana, lakini ningekaa kwenye kochi la mkwe wangu kama mgeni asiyeondoka, naangalia televisheni za watu, na huku mtu mwingine anatundika kufuli lake kwenye mlango wangu. Na gesi sikuikataa kwa ubishi tu, ingawa ubishi ninao. Yale mafiga matatu aliyapanga Euphrasia mwenyewe. Nikiwasha kuni pale, chumba kinanuka yeye. Nikipikia gesi kinabaki kuwa stoo ya masufuria.

Sasa kuna jambo Charles hakulijua, na mimi nilijifunga mdomo nisimwambie. Nilikuwa nimetengwa.

Ilikuwa hivi. Baada ya kumzika Euphrasia sikuweza tena kwenda mazishini. Ile sauti ya udongo wa kwanza unapoangukia sanduku, aisee, naweza kuvumilia mambo yote lakini hilo hapana. Nikakosa msiba mmoja, nikakosa wa pili, nikakosa na wa mama yake Maganga, ambaye ndiye mwenyekiti wa nzengo. Nzengo kwetu ni watu wa kitongoji kimoja, wanaolimiana, wanaouguzana na kuzikana, na ukikosa mazishi bila sababu unaitwa barazani. Nikaitwa. Wakataka mbuzi mmoja, na nisimame mbele ya watu niseme nimekosa. Ningewaambia ukweli kuhusu ule udongo yangeisha siku ile ile. Lakini mwanamume wa miaka sitini na minane asimame aseme anaogopa sauti ya udongo? Nikasimama, nikawaambia, "Mbuzi ninaye. Maneno sina. Na siku yangu ikifika msihangaike, nitajizika mwenyewe."

Ebo! Hata mimi niliyasikia maneno yale yakitoka nikajua nimevuka mpaka, lakini nilishasimama na kofia kichwani, ningerudi vipi?

Tangu siku hiyo ikawa amri. Bujiku asisalimiwe, asipewe moto, asiazimwe jembe, asisagiwe mahindi, na atakayevuka kwake au kusema naye atatengwa kama yeye mpaka mwenyewe atakapotii. Miezi saba. Nilikuwa nafunga debe la mahindi kwenye baiskeli naenda kusaga mjini. Nikipita penye watu, wanageuza nyuso kama vile nimepita uchi. Kuna wiki nzima nilizungumza na redio tu, na hata hiyo tuligombana. Upweke nilidhani ni kitu cha watu laini. Kumbe unamwingia mtu yeyote, anakuwa anakoroga uji na kuuliza kwa sauti, "Niongeze sukari?" halafu anasubiri ajibiwe.

Na katika watu wote, niliyemkasirikia zaidi ni Mama Noela. Zamani alikuwa anaingia kwetu bila hodi. Sasa kila alfajiri, nikishawasha kuni na moshi ukaanza kutokea mlangoni na juu penye bati, namwona amesimama pale kwenye minyaa, mkono kiunoni, anakodolea jiko langu. Anasubiri mpaka nitoke nakohoa, machozi yananichuruzika, ndipo anageuka anakwenda zake. Neno hasemi. Siku zote, mvua au jua. Nikasema moyoni, huyu anakuja kutazama sinema ya mwanamume anayepika. Haya, nitamfungia sinema yake.

Jumatano nikapanda baiskeli kwenda mjini Shinyanga. Duka la vifaa vya umeme nililoingia lilikuwa na binti mmoja nyuma ya kaunta, jina lake Violeth, limeandikwa kwenye fulana.

"Shikamoo, babu."

Jamani. Neno dogo hilo. Lilinikuta sikujiandaa, marahaba ikanikwama kooni, nikajifanya nakohoa. Alisubiri. Nilipoitikia hatimaye sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Nataka feni ya kutoa moshi jikoni," nikamwambia. "Kubwa kuliko zote ulizo nazo."

"Kubwa ya nini, babu, unafungua kiwanda?"

"Kiwandani nimetoka kabla wewe hujaota meno. Kulikuwa na feni pale inayolingana na mlango huu."

Akacheka. "Chumba kina ukubwa gani?"

Nikatoa karatasi mfukoni. Urefu mita tatu, upana mbili na nusu, kwenda juu mbili na sentimita sitini. Akabonyeza simu yake. "Karibu mita za ujazo ishirini. Jiko la kuni hewa yake inatakiwa ibadilishwe yote kama mara ishirini kwa saa. Ishirini mara ishirini, mia nne." Akashusha boksi, akanionyesha ubavuni. "Hii ya inchi nane inatoa mia nne na ushee. Inatosha."

"Inatosha kwenye boksi," nikasema. "Ukutani, masizi yakishaganda kwenye mapanga, utabaki na nusu yake."

Akanitazama upya. "Kumbe fundi! Basi chukua ya inchi kumi. Na mapanga yawe ya chuma, ya plastiki joto la kuni litayapinda. Hii ina vibao nyuma, ukizima vinajifunga, popo haingii."

"Na ile kubwa?"

"Ile kubwa kwenye chumba kidogo itakunyanyasa, babu. Feni haitengenezi hewa, inaisukuma tu. Ikikosa pa kuvutia itavuta moshi ule ule uliotoka nje, itaurudisha kwa juu penye bati. Hata hii ya inchi kumi, toa matofali mawili chini, mkabala nayo, hewa safi iingilie hapo ipite juu ya moto."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Miezi saba sikubishana na mtu mambo ya kazi. Nilitamani hesabu ile isiishe, nikamuuliza maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo. Na yeye, Mungu ambariki, akayajibu.

"Upepo wenu unatoka wapi?" akaniuliza.

"Msimu huu, mashariki."

"Basi toboa ukuta wa magharibi, upepo usiisukume nyuma. Ila angalia usimpulizie jirani moshi, mtagombana. Huo ukuta wa magharibi una jirani?"

"Hauna."

"Na upande mwingine?"

"Kwangu hakuna ukuta wenye jirani."

Lilinitoka tu. Akainua uso, nikayaona yale macho yanakuja. "Funga mzigo, mjukuu wangu," nikamwambia. "Jua linapanda."

Alhamisi nikatoboa ukuta kwa tindo na nyundo, nikatoa na yale matofali mawili ya chini. Kutoboa hakukunishinda, na waya nilivuta mwenyewe kutoka nyumba kubwa, swichi nikaiweka kando ya mlango. Kilichonitesa ni bolti nne. Asiyewahi kufunga feni ukutani hajui: bolti unaikaza ukiwa ndani, nati iko nje, na ukizungusha bolti nati nayo inazunguka. Kazi hiyo ni ya watu wawili toka dunia iumbwe. Mmoja ndani, mmoja nje, mnaitana, "Shika!" "Nimeshika!" "Kaza!" Mimi nilitegemeza feni kwa mti, nikazunguka nje, nikafunga spana kwenye nati kwa kamba, nikazunguka ndani, nikakaza, spana ikaanguka, nikazunguka nje. Mara kumi na nne. Nilizihesabu. Safari ya tisa nikasimama nje kifua kinawaka, nikaita, "Shika basi!" Sijui nilikuwa namwita nani. Nadhani Euphrasia. Nikaona aibu, nikatazama kwenye minyaa, na Mama Noela alikuwa pale na jembe begani. Alinyanyua mguu kama anataka kuja, akaurudisha chini. Nikamkata jicho, nikarudi ndani.

Ijumaa alfajiri niliwasha kuni, nikabonyeza swichi.

Loo! Feni ilinguruma, vibao vikafunguka, na moshi ule ulionitesa mwaka mzima ukainama wote kuelekea ukuta wa magharibi kama umeitwa. Mlangoni haukutoka hata uzi, penye bati hakuna. Nikachungulia kule nyuma, kulikuwa na hewa iliyofifia tu inatawanyika juu ya mabua ya pamba, hata kupanda haipandi. Nikasema, haya Charles, njoo. Na wewe mwanamke wa kwenye minyaa, tazama sasa unachotazama.

Sikukohoa hata mara moja. Nikaurudisha mlango kuzuia baridi, nikakaa kwenye kigoda cha Euphrasia, nikaona jiko langu kwa mara ya kwanza. Mwiko wake ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, na kwenye mpini kulikuwa na alama za vidole vyake, mti umelika kabisa. Nikavuta pumzi nisikie ile harufu. Haikuwepo. Ilikuwa inatoka pamoja na moshi, kwa tundu lile lile la feni. Hapo nililia. Nililia na bakuli la uji mkononi, kwa kelele, maana feni ilikuwa inanguruma na hakukuwa na wa kunisikia. Kisha nikanyamaza, nikaongeza kuni, nikabaki pale pale. Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Nje sikuwa na shughuli na mtu.

Ilikuwa inakaribia saa nne mlango uliposukumwa ukagonga ukuta. Mama Noela aliingia bila viatu, kanga imemwanguka begani, mikono yote imelowa utomvu wa minyaa. Nyuma yake naona watu, wanaume na fimbo, wanawake na majembe, Maganga mwenyewe na shati halijafungwa vifungo. Kumbe alikuwa amepiga mwano, ule ukelele wetu wa hatari ambao ukisikika kila mtu anaacha alichoshika. Masikio yangu haya, na ile feni, sikusikia chochote.

Mimi niko kwenye kigoda na bakuli la pili la uji.

Alinitazama. Akatazama uji. Akakaa chini kwenye majivu, akaanza kulia.

"Moshi wako!" akasema. "Baba Charles, moshi wako haukutoka!"

Nikazima feni ili nisikie vizuri. "Umesemaje?"

"Nimesimama tangu alfajiri, moshi hakuna. Kikohozi hakuna. Nimekuita mara ngapi pale kwenye minyaa, nasikia kitu kinanguruma tu. Jana nilikuona unazunguka jiko peke yako unasema na watu wasiokuwepo. Nikajua basi, umeshajifanyia jambo lako." Akajifuta kwa kanga, majivu yakampaka uso. "Euphrasia aliniambia nikuangalie. Siku mbili kabla, aliniambia, huyu mume wangu mkali lakini peke yake hawezi. Halafu nyie mkatengana huko barazani. Nikuangalie vipi? Walikataza salamu, walikataza kuvuka. Moshi hawakuukataza. Nikiuona najua umeamka. Nikisikia umekohoa najua umekula. Ndipo naenda kulima."

Nilikuwa nimeshika bakuli, nikaliweka chini maana lilikuwa linamwagika. Miezi saba! Kila alfajiri namtukana moyoni, na yeye anahesabu kama nipo.

Maganga alikohoa. Ni mtu wa sheria, hata mwano haumtoi kwenye sheria. "Mama Noela," akasema polepole, "umevuka ua. Umemwita jina. Umeongea naye mbele yetu wote. Unajua amri."

"Naijua. Nitengeni. Tutakuwa wawili, tutasalimiana sisi."

Hakuna aliyecheka. Walimwona anamaanisha, na mimi nilimwona. Mwanamke ambaye nzengo ndiyo inayomlimia shamba, ndiyo itakayomuuguza. Angekaa kimya kwake kama nilivyokaa mimi, anauliza uji kama uongezwe sukari. Na jirani yake wa kumwangalia angekuwa mimi, mwenye masikio haya. Nikasema hapana. Hilo jiwe halimwangukii huyu.

Nikasimama. Nikavua kofia. Watu wote niliokataa kukiri kosa mbele yao walikuwa wamejaa mlangoni kwangu.

"Mbuzi yuko pale kwenye kamba," nikasema. "Na maneno ninayo. Nilisema nitajizika mwenyewe. Nilisema uongo. Jana hii feni imenizungusha jiko mara kumi na nne kwa bolti nne tu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kushika upande wa pili. Bolti nne zimenishinda, kaburi nitaliweza?" Nikamgeukia mwenyekiti. "Sikuja kumzika mama yako, Maganga, kwa sababu ninaogopa. Ule udongo wa kwanza ukianguka kwenye sanduku nasikia unamwangukia Euphrasia. Naogopa kama mtoto. Nimekosa. Mwacheni Mama Noela."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Hata mimi naogopa ule mlio," na mwingine akaguna.

Maganga alitazama mbuzi, akatazama kofia mkononi mwangu. Nimemzidi miaka kumi na mitano. Akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

"Shikamoo, mzee Bujiku," akasema.

"Marahaba," nikajibu, na safari hii haikukwama.

Charles alifika Jumamosi mchana. Alikuta uani kwangu watu wanane wanakula supu ya mbuzi wangu, mmoja wao ananiuliza bei ya feni. Alikagua jiko, akawasha, akazima, akapitisha kidole ukutani. Begi lake kubwa tupu, alilokuja nalo kubebea nguo zangu, lilibaki ndani ya gari. Habari ya kutengwa alihadithiwa na Mama Noela, na jioni alivuta kigoda akakaa karibu yangu. Kisha akaniambia, "Ungeniambia, baba." Nikamwambia ni kweli, ningemwambia.

Jumapili alfajiri aliniamkia jikoni, akakaa kwenye kigoda akijikunyata. Nikawasha kuni. Moshi ukaanza, ukajaa juu, ukatokea penye bati na mlangoni, ukapanda.

"Baba, washa feni!" Charles akaanza kukohoa.

"Subiri."

"Nisubiri nini? Na kifua chako hicho?"

"Nimesema subiri."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono uko kwenye swichi, machozi ya moshi yananitoka. Ng'ambo ya minyaa nikasikia nyayo zinakuja, zikasimama.

"Mwangaluka, Baba Charles!"

"Mwangaluka, Mama Noela!" nikaitikia salamu hiyo yetu ya asubuhi kwa sauti ya kinuni, mpaka kuku wakaruka. "Nimeamka!"

Kisha nikabonyeza swichi.